Herufi Chini ya Mguu wa Korongo

4 Machi

Leo nimeishika mkononi sarafu iliyomfukuzisha baba kazi, na aliyenipa sikumwambia.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa inapiga bati la duka langu la miwani mpaka tukawa tunaongea kwa kupayuka. Aliingia mama mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, miwani yake imelegea mkono mmoja. Kukaza skrubu ni kazi ya dakika mbili. Alipoiona lenzi yangu, ile ninayokagulia mikwaruzo kwenye vioo, akaiomba. Kisha akatoa kwenye pochi sarafu ya hamsini ya zamani, yenye picha ya korongo aliyesimama kwa mguu mmoja.

"Angalia chini ya mguu, fundi. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi umeona vizuri. Hapo palitakiwa kuwe na herufi."

Nilijua. Zamani sarafu zetu zilitoka viwanda viwili. Za kiwanda cha mlimani ziliwekwa M, na za kiwanda cha bondeni ziliwekwa B. Hiyo B ndiyo iliyokuwa kazi ya baba, hiyo peke yake. Miaka ishirini na tisa iliyopita, mimi nina miaka kumi na miwili, hamsini kadhaa zilitoka bondeni bila herufi. Magazeti yakacheka, tume ikakaa siku tatu, na baba akarudi nyumbani na aproni yake ndani ya mfuko wa karatasi. Baada ya hapo alilinda lango la ghala la mbao mpaka akazeeka. Nyumbani kwetu kiwanda hakitajwi, kama nyumba nyingine zisivyomtaja ndugu aliyefungwa.

Mwalimu amesema atarudi na nyingine. Nimemwambia karibu.

6 Machi

Mvua. Wateja wawili, wote wamekalia miwani yao.

9 Machi

Mwalimu karudi na kopo la peremende lenye sarafu kumi na moja, zote hamsini za mwaka ule, zote hazina herufi. Ni za mkusanyiko wake wa miaka mingi. Alizipanga juu ya kitambaa changu cha kufutia vioo, akanifundisha kama ninavyodhani alivyokuwa akifundisha mito na milima, kidole kikitembea.

Picha ya sarafu, anasema, huchongwa kwenye kichwa cha chuma kigumu, yaani muhuri. Mashine huugonga muhuri huo kwenye visahani vitupu, kimoja baada ya kingine, maelfu. Kilichozama kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Kwa hiyo herufi kwenye sarafu ni kilima, lakini kwenye muhuri ni shimo.

"Sasa, ukikuta kasoro kwenye sarafu moja tu, hilo ni jeraha la njiani. Imekwaruzwa, imekanyagwa. Ukiikuta ileile mahali palepale kwenye sarafu nyingi, hapo anayeumwa ni muhuri."

Nikamuuliza vipi kama mtu ameikwangua herufi makusudi. Akafurahi, akachomoa ya kumi na mbili kutoka mfuko wa sweta. "Hii niliuziwa na mjanja mmoja. Laza taa." Niliinamisha taa ya mezani mwanga upite chini chini, na kweli, chini ya mguu pakaonekana kidimbwi kidogo chenye mistari ya tupa. Kwenye zile kumi na moja pametulia, pako sawa na uso wote wa sarafu.

Ana kijitabu cha chama chao cha wakusanyaji. Humo sarafu hii imeandikwa kwa mstari mmoja: *Bila herufi, uzembe wa mgonga herufi.* Nimeusoma mara tatu. Mwalimu akaniuliza kama kuna kitu, nikamwambia moshi wa jirani umeniingia machoni.

Ameniachia kopo. Anasema macho yangu ni mazuri kuliko yake, na mimi nina taa.

14 Machi, Jumamosi

Siku ya drafti. Baba mdogo kaja na buti zake za mpira, akaacha ziwa mlangoni.

Si baba mdogo wa damu. Alikuwa anaendesha presi, mashine ya kugonga sarafu, kiwanda kilekile, na ndiyo maana kila mtu, hata mkewe, anamwita Presi. Tangu baba afukuzwe hajakosa Jumamosi hata moja. Nikiwa mtoto alituletea sukari na madaftari, na ndiye aliyenifundisha baiskeli, akikimbia nyuma yangu huku ameshika kiti. Akishindwa drafti husema meza imeinama. Akishinda husema meza imenyooka.

Leo, wakiwa katikati ya mchezo, niliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Baba, ile herufi ulikuwa unaigongaje?"

Nilitegemea ukimya. Lakini baba aliweka kete chini, akaenda bafuni, akarudi na kipande cha sabuni ya kufulia na msumari.

"Muhuri ulikuwa unatoka kwa wachongaji umekamilika, ila herufi hauna," alisema. "Wao hawakujua utakwenda mlimani au bondeni. Ukifika kwangu, nachukua tindo yenye B kichwani, naiweka hapa. Kwa macho tu, hakuna kipimo. Halafu nyundo ndogo. Moja ya kuikalisha. Ya pili ya kuizamisha. Ya tatu ya kumalizia." Aligonga msumari kwenye sabuni mara tatu. "Ukihema vibaya kabla ya ya tatu, tindo inasogea, unapata B mbili zimepandana. Ukiona hivyo kwenye sarafu, ujue siku hiyo mgongaji alikuwa na mafua."

Nilicheka. Yeye pia alicheka! Nikauliza kuhusu sarafu zinazoonyesha kama B imeburuzwa, maana mwalimu ananiambia zipo. Akasema hapana, hizo si za tindo. "Ukigonga mara mbili unapata herufi mbili kamili, zina mabega ya duara. Ile ya kuburuzwa ina ngazi ndogo bapa pembeni. Hiyo ni muhuri umelegea kwenye mashine. Hiyo muulize Presi."

"Mambo ya kale hayo," baba mdogo akasema. "Sogeza kete."

Akashindwa, na hakusema chochote kuhusu meza.

20 Machi

Kuna kivuli.

Nimekuwa nazitazama zile kumi na moja kila mchana nisipokuwa na mteja. Leo wingu lilipasuka kidogo saa nane, nikasogea dirishani, nikaizungusha moja polepole. Chini ya mguu pakawa na kitu, kama unavyoona maandishi kwenye karatasi ya chini baada ya mtu kuandika kwa nguvu kwenye ya juu. Mgongo wa B, na tumbo lake la chini. Nikaizungusha tena, kikapotea. Nikairudisha, kikaja.

Nyingine mbili nazo zina hicho kivuli, dhaifu zaidi.

Kama baba alisahau kugonga, kivuli kimetoka wapi?

22 Machi

Mahali panapovuja pameongezeka. Ndoo tatu sasa.

27 Machi

Nimegeuka mtu wa ajabu mtaani. Kila anayeingia dukani namwomba hamsini za korongo, namrudishia nyingine. Muuza mboga wa pembeni kaniuliza kama nimejiunga na dini mpya. Jana fundi viatu kaniletea soksi nzima iliyojaa, kasema, "Chagua unayompenda."

Nazitafuta za mwaka ule zenye B yake kamili. Nataka kuona kama zina undugu na zile za vivuli.

3 Aprili

Nimempata ndugu.

Ni sarafu kutoka kwenye soksi ya fundi viatu. B ipo, nene, imesimama. Lakini kuanzia ukingoni kuna uzi mwembamba umeinuka, unaingia mpaka ncha ya mdomo wa korongo, ukaishia hapo. Mwalimu alinieleza kuwa muhuri ukichoka hupasuka, na ufa wa muhuri huonekana kwenye sarafu kama uzi. Hakuna mihuri miwili inayopasuka sawasawa. Na ufa haurudi nyuma, kila siku unaongezeka.

Nikachukua zile tatu zenye vivuli. Uzi uleule. Kwenye hizo umeshapita mdomo, umefika jichoni. Nikachukua tano kati ya zile ambazo hazina hata kivuli. Uzi uleule, umeteremka mpaka shingoni.

Nilizipanga kwa kufuata urefu wa ufa. Ufa mfupi, herufi kamili. Ufa wa kati, kivuli. Ufa mrefu, hakuna kitu. Muhuri mmoja, siku tofauti.

Baba aliigonga herufi. Ilikuwepo, kisha ikafutika.

Nililia hapo dukani mbele ya mteja aliyekuja kupima macho. Maskini akadhani nimeona ugonjwa kwenye jicho lake.

4 Aprili

Nilikimbia kwa mwalimu asubuhi na mapema, matope mpaka magotini. Alizitazama zote kwa mpangilio wangu, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Grisi," alisema. "Mashine inapakwa grisi. Inachanganyika na unga wa chuma, inajaa kwenye shimo la herufi na kugandamana. Shimo likijaa, kilima hakitoki. Tazama na ukucha wa korongo, hapo karibu. Nao umefifia. Uchafu haukuchagua herufi peke yake."

Nikamuuliza mihuri yenyewe iko wapi. Akasema mihuri ikichoka husagwa, sheria ndivyo inavyotaka. Tume ilipokaa, mihuri ilikuwa imeshasagwa. Walitazama sarafu zisizo na kitu na kitabu cha kazi cha baba, basi.

"Kwani wewe haya mambo yanakuhusu nini, mwanangu?" aliniuliza.

Nikamwambia. Akasimama, akaenda kuniwekea maji ya chai bila kuniuliza kama nataka.

Njiani kurudi ndipo lilipoingia kichwani swali ambalo lilitakiwa kuja jana. Nani alikuwa na kazi ya kufuta mihuri?

11 Aprili, Jumamosi

Nilijua jibu tangu wiki iliyopita, ila leo nilitaka kulisikia. Wakiwa wanapanga kete nilimuuliza baba, "Muhuri ukiwa kwenye mashine, nani anaufuta?"

"Watu wa mashine. Kwa mswaki na mafuta ya taa. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Sikumtazama Presi, lakini niliiona mikono yake. Alikuwa ameshika kete nyeusi na hakuwa anaiweka.

Siwezi tena kuandika "baba mdogo" hapa. Kila nikikumbuka kitu chake kinageuka mkononi. Sukari. Madaftari. Jumamosi zote hizo, za jua na za mvua. Nilikuwa nadhani ni upendo, sasa najiuliza kama alikuwa anakuja kukagua kama bado hatujajua. Hata baiskeli nimeikumbuka vibaya, nimeanza kuamini kwamba aliniachia kiti mapema ili nianguke, jambo ambalo najua si kweli.

Alipoaga nilimwambia, "Usiku mwema, mzee." Akageuka mlangoni. "Leo umeniita mzee."

Nikafunga mlango.

18 Aprili

Alikuja. Nilijifanya nina kazi dukani.

20 Aprili

Baba kaniuliza kama nimegombana na baba yangu mdogo. Nimesema hapana. Mvua haikupumzika siku nne, nguo hazikauki, tunavaa unyevu.

25 Aprili

Leo si yeye aliyekuja kwetu, ni mimi niliyekwenda kwake. Nilikwenda mapema, kabla ya muda wao wa drafti.

Alikuwa barazani anashona mwavuli. Nilisalimia, nikavuta stuli, nikazipanga sarafu tatu kwenye ukingo wa baraza. Ufa mfupi, ufa wa kati, ufa mrefu. Nikampa lenzi.

Alizitazama muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Mtu aliyeendesha mashine ile hahitaji dakika kumi.

"Nani kakufundisha?" aliuliza.

"Zimenifundisha zenyewe."

Akairudisha lenzi kwa mikono miwili, kama kikombe kilichojaa. "Tulitakiwa kusimamisha mashine kila saa na kupiga mswaki. Mwaka ule walitaka sarafu nyingi, wakatuongezea idadi. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wasisimamishe. Nilisema tutafuta jioni. Wiki nzima tulifuta jioni."

"Na kwenye tume?"

"Waliniuliza kama muhuri ulifika kwangu na herufi. Nikasema sikumbuki." Alishika sindano ya mwavuli, akaiacha. "Nilikuwa nakumbuka, mama. Nilikuwa na watoto watano, na mke wangu ana wa sita tumboni."

"Baba naye alikuwa na sisi."

"Najua. Nilikuwa nawaona kila Jumamosi."

Nilikuja na maneno mengi makali, nimeyaandaa njia nzima. Sikupata pa kuyaweka. Alikuwa mzee mdogo aliyekaa kwenye stuli, uzi mweusi umemning'inia begani. Akauliza kama baba anajua. Nikasema bado. Akaomba aseme mwenyewe.

"Lini?"

"Nipe siku chache."

Nimempa. Mchana hakuja kwenye drafti. Baba alipanga kete zote, nyeupe na nyeusi, akakaa nazo mpaka saa kumi na mbili. "Labda mafua," alisema, akazifunika kwa gazeti bila kuzitoa.

29 Aprili

Kuna jambo jingine, na afadhali nisingelitazama.

Nilihesabu tena. Zenye vivuli ni tatu, zisizo na kivuli lakini zenye ufa wa shingoni ni tano. Hizo ni nane. Kwenye kopo la mwalimu zipo kumi na moja.

Tatu zilizobaki hazina ufa popote. Nilidhani ufa ni mwembamba sana siuoni, nikabadilisha taa, nikaenda dirishani, hakuna. Na ukucha wa korongo haukufifia. Ni mkali kama sindano. Manyoya yote yapo, ukingo umejaa. Hakuna grisi hapo. Muhuri ulikuwa safi, mpya, na chini ya mguu hapakuwahi kuwa na kitu.

Huo ni muhuri mwingine. Na huo haukugongwa.

2 Mei, Jumamosi

Presi hajaja. Kete bado ziko chini ya gazeti.

3 Mei

Dada yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, hupiga simu Jumapili. Leo nilimweleza yote, mpaka zile tatu.

"Zirudishe hizo tatu kwa mwenyewe na mdomo wako ufunge," alisema. "Unazo nane zinazomsafisha mzee. Unataka nini zaidi?"

"Lakini si kweli yote."

"Ukweli nusu miaka hii yote ulimkalia yeye. Acha na yeye apate nusu yake."

Sina hakika kama amekosea. Nimezifunga zile tatu kwenye kitambaa peke yake, nikazitia kwenye mtoto wa meza wa dukani, chini ya skrubu. Kisha nikarudi kuzitoa, nikazitazama tena. Sikuwa natafuta kitu. Zinapendeza tu. Ndizo sarafu nzuri kuliko zote za kopo lile.

9 Mei, Jumamosi

Naandika haya baba amekaa kibarazani. Mvua imesimama tangu saa tisa.

Presi alikuja bila buti, na viatu vya kwenda kanisani au msikitini, viatu vya siku moja moja. Alikataa kukaa. Baba alikuwa ameshaanza kuondoa gazeti juu ya kete.

"Usipange," Presi alisema. "Nina neno."

Akalisema lote, amesimama. Hakupamba. Grisi, idadi, wiki nzima ya kufuta jioni, tume, "sikumbuki." Alipomaliza akaniangalia mimi, na mimi nikazipanga sarafu mezani, katikati ya kete.

Baba aliinama na lenzi. Alifuata ufa kwa ncha ya njiti ya kiberiti, sarafu hadi sarafu, mdomo, jicho, shingo. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Nilisikia anavyohema.

"Unajua nilikuwa nafanya nini kila siku kule kwenye mbao?" alisema, na hakuwa anasema na mimi. "Nilikuwa nairudia ile wiki. Jumatatu niligonga mingapi, Jumanne mingapi. Nasimama langoni napiga hewani, moja, mbili, tatu. Sikuwa najua kama nilisahau. Ningejua nimesahau, ningeomba radhi nikalala. Ningejua sikusahau, ningekasirika nikalala. Wewe ulikuwa na jibu mfukoni. Unakuja hapa, unakula kete zangu, unaondoka nalo."

"Ndiyo," Presi alisema.

"Kila Jumamosi."

"Ndiyo, ndugu yangu."

Baba akanigeukia. "Zote ni grisi?"

Presi naye alinitazama. Sikujua anataka niseme nini, na nadhani hata yeye hakujua. Dada yangu alikuwa kichwani mwangu ananong'ona kama yuko chumbani. Nilikuwa nimeshatafuta neno la kusema, "zote," neno fupi tu. Nikaiona mikono ya baba imekaa mezani na njiti ikiwa bado katikati ya vidole, inasubiri kufuata ufa mwingine.

"Hapana," nilisema. "Tatu si grisi."

Nilizitoa kwenye kitambaa. Hakuuliza kwa nini zilikuwa peke yake. Aliitazama ya kwanza, akaisogeza dirishani. Akaitazama ya pili na ya tatu. Akagusa chini ya mguu kwa ukucha wa kidole gumba.

"Ukucha mkali," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hakuna ufa."

"Hakuna."

"Huu ulinipita." Alisema taratibu, kama anayesoma jina lake kwenye orodha. "Ulipita mkononi mwangu ukiwa mtupu, na sikuuona. Muhuri mmoja."

"Mmoja, kwa hizi tulizonazo," nilisema, maana mwalimu amenifundisha kutosema zaidi ya kinachoonekana.

"Mmoja," alirudia. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, cha kukwama kwama, machozi nayo yakaja, lakini kilikuwa kicheko. "Mwaka ule niligonga mihuri zaidi ya mia nne. Mmoja! Nilikuwa nafikiri labda nilisahau wiki nzima. Nilikuwa nafikiri labda nina ugonjwa."

Presi alitaka kusogea. Baba aliinua mkono. "Wewe nenda nyumbani. Sijamaliza kukasirika, na nimechelewa kuanza."

Akaenda. Baba aliziacha sarafu zilivyopangwa, akatoka barazani na lenzi yangu mkononi.

10 Mei

Baba kashinda kibarazani na lenzi yangu. Kala vizuri.

16 Mei, Jumamosi

Hakuna drafti. Baba kaomba nimsomee mstari wa kile kijitabu cha wakusanyaji. Nilisita, nikamsomea. *Uzembe wa mgonga herufi.* Akauliza kama mwalimu anaweza kubadilisha maandishi hayo. Nikasema yeye ndiye katibu wa chama.

"Basi aandike aina mbili. Moja imezibwa na grisi, aeleze ufa ulivyokwenda. Ya pili haikugongwa, kosa la mgonga herufi. Neno kosa. Uzembe lifutwe."

"Na jina lako?"

"Haina haja ya jina. Lakini ya grisi isainiwe na aliyeendesha mashine. Mwambie."

21 Mei

Nilimpelekea Presi ujumbe. Kauliza maswali mawili, siku na saa ya kwenda kusaini kwa mwalimu. Nilipokuwa natoka, mkewe alinishika mkono mlangoni, akaniambia mumewe hajala vizuri wiki tatu. Nikamwambia baba yangu naye alikuwa hivyo, miaka. Nilijuta nusu ya njia, na nusu nyingine sikujuta.

30 Mei

Mawingu mepesi. Ndoo nimezirudisha stoo.

6 Juni, Jumamosi

Leo tumekwenda kwa mwalimu. Kwake ni ng'ambo ya mji, na njia ya mkato inapita mbele ya kiwanda. Nilimwambia baba tuzunguke sokoni. Akasema miguu yake haina muda wa kuzunguka.

Presi alitusubiri kwenye kona, karatasi yenye maelezo yake imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Walisalimiana kwa mkono, si zaidi. Tukatembea, baba na mimi upande mmoja wa barabara, Presi upande wa pili, hatua chache nyuma. Hakuna aliyepanga hivyo.

Kiwanda hakigongi sarafu siku hizi, kinatengeneza vifuniko vya chupa. Lango ni lilelile, baba anasema, rangi tu. Alisimama mbele yake. Mlinzi kijana alikuwa anakula karanga ndani ya kibanda, akatoka akijipangusa.

"Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Simtafuti mtu," baba alisema. "Nilifanya kazi hapa, chumba cha mihuri. Nilisahau kugonga muhuri mmoja."

Sijawahi kumsikia akilisema kwa mtu. Lilitoka kama vile anasema jina la mtaa anaoishi.

Mlinzi alimtazama baba, akanitazama mimi, akamtazama tena baba. "Mmoja tu? Mzee, mimi juzi nimesahau kufunga lango hili lote."

Baba akacheka mpaka akaushika ukuta. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo, ambako Presi alikuwa amesimama chini ya nguzo ya umeme akijifanya anasoma tangazo.

"Yule kule naye ana lake," alimwambia mlinzi. "Anaogopa magari. Presi! Njoo umweleze kijana."

Presi akaangalia kulia, akaangalia kushoto, barabara haikuwa na hata baiskeli, akavuka.